Timu tano, bendera nne, mahadhi matatu: uchambuzi wa kisa cha bonanza la ziwani Kigoma

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Timu zimejipanga mbele ya jukwaa kuu. Emsii anatangaza wimbo wa taifa wa Zambia, spika zinakwaruza kidogo, muziki unaanza. Hata mstari wa kwanza haujaisha, jukwaa zima limesimama na linaimba "Mungu ibariki Afrika" kwa sauti ya kujivunia. Vijana waliotoka Mpulungu wanatazamana. Wawili wanajaribu kuimba maneno yao, sauti zao zinamezwa. Wimbo unakwisha, watu wanapiga makofi, emsii anasema, "Sasa tusimame kwa ajili ya wimbo wa taifa letu," na muziki uleule unaanza upya.

Hakuna aliyekusudia kumdharau mgeni, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Tuseme wazi kwamba kimeundwa kwa ajili ya uchambuzi: hakuna klabu, kamati wala kiongozi halisi anayesemwa hapa. Lakini vipande vyake ni vya Kigoma kabisa. Ziwa lina nchi nne kandokando yake. Mkoa una kambi za wakimbizi. Kiswahili kinaeleweka Rumonge na Kalemie kama kinavyoeleweka Ujiji, kwa hiyo neno baya la emsii halihitaji mkalimani ili lifike.

Kisa chenyewe

Kamati ya maandalizi ina watu saba. Inaandaa bonanza la siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Imealika timu tano: kombaini ya Ujiji, klabu moja kutoka Rumonge, Burundi, iliyokuja kwa barabara kupitia Manyovu, klabu moja kutoka Kalemie, Kongo, iliyovuka ziwa, klabu moja kutoka Mpulungu, Zambia, na timu ya vijana kutoka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, yenye Wakongo na Warundi waliochanganyika.

Kwa ufunguzi, kamati ilichukua kile inachokiona kwenye runinga wakati wa Kombe la Dunia: bendera, nyimbo za taifa, mgeni rasmi akipeana mikono na wachezaji. Katika vikao vyote vya maandalizi walijadili usafiri, chakula, marefa na zawadi. Swali moja halikuulizwa: timu hizi zinamwakilisha nani?

Jumamosi mambo yakaenda hivi. Bendera ya Kongo iliyopandishwa ilikuwa ya buluu, nyota kubwa ya njano katikati na nyota ndogo sita zimepangwa wima upande wa mlingoti. Hiyo ni bendera iliyoachwa mwaka 2006. Nahodha wa Kalemie akamnong'oneza kocha, kocha akaenda kwa kamati, akaambiwa "tutarekebisha kesho". Ukaja mkasa wa wimbo wa Zambia. Kisha emsii, akiwa hana maelekezo, akawaita vijana wa Nyarugusu wasimame "na ndugu zao wa Burundi" nyuma ya bendera ya Burundi. Wanne wakatoka kwenye mstari, wakaenda kusimama nje ya chaki. Kwenye kikao cha usiku kamati iliandika kitendo hicho kuwa ni utovu wa nidhamu.

Ulipopigwa wimbo wa Kongo, wachezaji sita wa Kalemie waliziba midomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kwenye panja kama mtutu wa bastola. Refa akamtazama kamishna wa mchezo asijue kama atoe kadi. Mwisho, mechi ya Ujiji na Kalemie ilichelewa dakika 25 kwa sababu Ujiji waliingia na jezi za Arsenal za kuazima, zenye maandishi ya Visit Rwanda mkononi, na Wakongo wakasema hawachezi.

Vurugu tano kwa alasiri moja. Kikao cha usiku kiligawanyika. Upande mmoja ulisema, "Michezo si siasa, wageni wametuletea siasa uwanjani." Upande wa pili ulisema siasa ililetwa na kamati yenyewe saa nane mchana, ilipozifunga zile bendera kwenye milingoti. Tunakubaliana na upande wa pili, na sababu zetu ni hizi.

Bendera inasema kabla mtu hajasema

Chukua bendera ya Tanzania. Kijani, njano, nyeusi na buluu hazikuchaguliwa kwa uzuri wa macho. Tanganyika ilikuwa na kijani, njano na nyeusi. Zanzibar ya Mapinduzi ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, rangi za pande mbili zikashonwa pamoja, na bendera mpya ikaanza kutumika Juni 30 mwaka huohuo. Ni mkataba wa kisiasa uliowekwa kwenye kitambaa. Ukiipandisha uwanjani unautangaza Muungano, hata kama akilini una mpira tu.

Majirani zetu ni hivyohivyo. Burundi ya kifalme ilikuwa na ngoma ya Karyenda katikati ya bendera. Ufalme ulipoangushwa mwaka 1966 ngoma ikaondolewa, na mwaka 1967 zikaja nyota tatu za leo. Kongo ilipokuwa Zaire ilikuwa na bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Mobutu alipoondoka mwaka 1997 zikarudi nyota, na katiba ya 2006 ikaleta hii ya sasa. Kwa Mkongo mwenye umri wa kutosha, kosea bendera moja na umemtajia utawala mzima. Kamati ya Kigoma ilidhani imekosea nyota. Kumbe ilikosea zama.

Viwanjani kuna kumbukumbu nzuri pia, na haifai kuisahau. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 1964 ilipofunguliwa, jirani zetu waliingia kwa jina la Rhodesia ya Kaskazini. Siku ya kufunga, Oktoba 24, ilikuwa ndiyo siku ya uhuru, na wanamichezo walewale wakatembea na bendera ya Zambia. Nani atasema bendera ile haikuwa siasa? Ilikuwa siasa, na ilikuwa furaha.

Sasa kile kinachoitwa marufuku ya siasa michezoni kinakataza nini hasa? Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki inakataza maandamano na propaganda za kisiasa, kidini na kikabila kwenye maeneo ya michezo. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inakataza maneno, kauli na picha za kisiasa, kidini au za binafsi kwenye vifaa vya mchezaji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokataza bendera ya nchi au wimbo wa taifa. Kinachokatazwa ni kile mtu anachoongeza juu yake. Mwaka 1968 kule Mexico City, Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zilizovaa glavu nyeusi wakati wimbo wa Marekani ukipigwa. Wakaondolewa kwenye kikosi na kwenye kijiji cha wanamichezo. Wimbo wenyewe haukuulizwa chochote. Tunalisema hili bila kuficha: kanuni hizi zinalinda utaratibu wa sherehe, na utaratibu una thamani yake, lakini zisidhaniwe kuwa zinaondoa siasa. Zinaiachia dola iseme, na kumwambia mchezaji anyamaze.

Tanzania ina haki ya kulielewa hili kuliko wengi. Mwaka 1976 nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyemshinda John Walker kwa rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Walker akachukua dhahabu. Bendera yetu ilisema kwa kutokuwepo. Miaka minne baadaye, Moscow 1980, Bayi na Suleiman Nyambui walileta fedha mbili, medali pekee za Olimpiki tulizonazo, kwenye michezo ambayo Marekani ilisusia na timu kadhaa za Ulaya zilishiriki chini ya bendera ya Olimpiki badala ya zao.

Kwa hiyo kujadiliana kama bendera ni siasa ni kupoteza kikao. Kamati ijiulize: nani anaambiwa asimame chini ya bendera ipi, na je, amekubali?

Vijana wa Nyarugusu

Hili ndilo kosa kubwa la Jumamosi ile, na mengine yote ni madogo mbele yake.

Mkimbizi ni mtu ambaye uhusiano wake na dola yake umevunjika. Wengine waliikimbia serikali, wengine vikundi vyenye silaha, wengine walizaliwa kambini na hawajawahi kuiona nchi wanayoambiwa ni yao. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo leo ni mtu mzima. Kumweka kijana huyu nyuma ya bendera ya Burundi au ya Kongo, mbele ya kamera za simu mia mbili, ni kumtolea tamko la kisiasa bila kumuuliza. Kuna hatari ya kweli pia: picha inavuka mpaka kwa dakika moja. Wapo wenye ndugu waliobaki kule, na wapo wanaosubiri majibu ya maombi yao ya hifadhi. Wale wanne waliotoka kwenye mstari hawakukosa nidhamu. Walijilinda kwa njia ya heshima kuliko zote, wakasimama pembeni kimya.

Ulimwengu ulishapata jibu la jambo hili. Kwa Olimpiki ya Rio 2016 iliundwa timu ya wakimbizi ya wanamichezo 10, wakiwemo wanajudo wawili waliozaliwa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Waliingia na bendera ya Olimpiki, na kama wangeshinda dhahabu ungepigwa wimbo wa Olimpiki. Paris 2024 bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni, akaipatia timu hiyo medali yake ya kwanza, ya shaba. Mkimbizi anaweza kusimama kwa heshima kamili bila kukopeshwa bendera aliyoikimbia.

Kwa bonanza la Kigoma utekelezaji wake ni rahisi. Timu iitwe kwa jina la mahali, "Nyarugusu", basi. Isiitwe "Burundi B" wala "wakimbizi wetu". Ipewe bendera yake ya rangi moja au mbili, isiyofanana na ya taifa lolote lililopo uwanjani. Njano na nyeupe zinatosha. Nembo za Umoja wa Mataifa zisishonwe juu yake kwa kudhani ndiyo usalama, maana matumizi ya nembo hizo yanahitaji ruhusa ya wenyewe. Kocha wao aulizwe faraghani, siku kadhaa kabla, kama vijana wanataka kupigwa picha na kutajwa majina kwenye spika. Ukiuliza mbele ya watu umeshawalazimisha kujibu. Na kibali cha kutoka kambini kishughulikiwe mapema kwa mkuu wa kambi, kikiwa na orodha ya majina, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Timu isiyo na kibali mkononi haitakiwi kupanda gari, hata kama bonanza litakosa timu ya tano.

Klabu si taifa

Klabu ya Rumonge haijatumwa na Burundi. Klabu ya Mpulungu haijatumwa na Zambia. Simba na Yanga zikicheza Ligi ya Mabingwa Afrika hazipigiwi wimbo wa taifa. Unapigwa wimbo wa mashindano, timu zinapeana mikono, mpira unaanza. Nyimbo za taifa ni za timu za taifa. Kamati ingelijua hilo, matatizo matatu kati ya matano yasingezaliwa.

Ushauri wetu ni kupiga wimbo mmoja tu, wa Tanzania, mara moja tu, kwenye ufunguzi, kwa sababu ndiyo ardhi waliyokanyaga wote. Bendera za wageni zipandishwe kama salamu ya karibu. Mtu akisema mgeni atajisikia vibaya asiposikia wimbo wake, ajibiwe kwamba mgeni anajisikia vibaya zaidi ukipigwa wimbo wake na watu mia tano wakaimba wa kwao.

Wimbo wa Zambia unastahili maelezo kidogo. Mahadhi ni yale aliyoyatunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Tanganyika iliyachukua kwenye uhuru wa 1961 na kuyawekea maneno ya Kiswahili. Zambia ikayachukua 1964 kwa maneno mengine kabisa. Afrika Kusini inayo ndani ya wimbo wake wa sasa. Mtanzania yeyote aliyesoma shule ya msingi mahadhi yale yakianza kinywa chake kinafunguka chenyewe. Kumkataza haiwezekani, kumwandaa inawezekana. Kama lazima nyimbo zipigwe, mathalani timu za taifa za vijana zimekuja kweli, emsii aseme kabla: "Unaofuata ni wimbo wa Zambia. Mahadhi tunayajua, maneno ni yao. Tusimame kimya, tuwasikilize." Kisha mchezaji mmoja wa Zambia apewe kipaza sauti. Na baina ya wimbo huo na wa Tanzania uwekwe wimbo wa nchi nyingine. Wa mwenyeji huja mwisho.

Faili za nyimbo nazo zina mikasa yake. Mwaka 2012 kule Kuwait, mshindi wa kulenga shabaha kutoka Kazakhstan alisimama jukwaani akapigiwa wimbo wa kejeli kutoka kwenye filamu ya vichekesho, kwa sababu mtu aliushusha intaneti bila kuusikiliza. Faili ichukuliwe kwenye ubalozi mdogo wa nchi husika au kwenye shirikisho lake la soka. Isikilizwe mwanzo hadi mwisho na mtu anayeijua lugha. FIFA kwenye mashindano yake hutaka toleo lisilozidi sekunde 90. Pimeni kwa saa. Wekeni nakala tatu: kwenye fleshi, kwenye kompyuta, na kwenye simu iliyozimwa mtandao. Unganisheni kwa waya. Spika ya bluetooth inadakwa na simu ya mtu yeyote, na katikati ya "hekima, umoja na amani" inaingia singeli.

Kushona na kupandisha

Kosa la bendera ya Kongo lilitokea dukani. Bendera za zamani bado zipo kwenye soko na kwenye picha za intaneti, na fundi anashona alichoonyeshwa. Ya sasa ni buluu ya anga, nyota moja ya njano juu kwenye kona ya upande wa mlingoti, na mkanda mwekundu wenye kingo za njano unaopanda kutoka chini kwenye mlingoti hadi juu upande wa pili. Mpeni fundi mchoro uliothibitishwa na ubalozi mdogo.

Kuna mtego wa vipimo. Uwiano rasmi wa bendera hizi haulingani: Tanzania na Zambia ni 2 kwa 3, Burundi 3 kwa 5, Kongo 3 kwa 4. Ukizishona zote kwa kimo cha sentimita 120, Tanzania inakuwa na urefu wa 180, Burundi 200, Kongo 160. Shabiki haoni hesabu, anaona Burundi imepewa kitambaa kirefu na Kongo imepunjwa. Mashindano makubwa huzishona zote kwa uwiano mmoja. Nanyi shoneni zote 120 kwa 180.

Milingoti iwe ya kimo kimoja, bila ubishi. Mpangilio ni wa alfabeti, na hapa ziwa limetubariki: Burundi, Kongo, Tanzania, Zambia. Ukiita Jamhuri ya Kidemokrasia, ukiita kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, mpangilio wa hizi nne haubadiliki. Bendera ya Nyarugusu na ya bonanza ziwe kwenye mlingoti wa kando, mbali hatua kadhaa, ili zisisomeke kama taifa la tano.

Kisha mtu mmoja, mwenye mchoro mkononi, azikague zikiwa zimefungwa. Ya Tanzania ina hila yake. Ikifungwa juu-chini kwa vitanzi vyake, mkanda mweusi unashuka badala ya kupanda, na kosa linaonekana upesi. Lakini ikitundikwa ukutani kwa misumari na ikageuzwa nusu mzunguko, mkanda unaendelea kupanda vilevile kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba buluu imekuja juu na kijani kimekwenda chini. Wengi hawagundui. Kumbukeni: kijani kiko juu, upande wa mlingoti. Ya Burundi ikigeuzwa rangi hazibadiliki kabisa, ila nyota: moja iwe juu, mbili chini. Ya Zambia tai yuko juu upande usio na mlingoti, na chini yake kuna nyekundu, nyeusi na rangi ya chungwa.

Tusidhani haya ni ya kijijini. Olimpiki ya London 2012, wanawake wa Korea Kaskazini walikataa kuingia uwanjani Glasgow kucheza na Kolombia kwa sababu skrini ilionyesha bendera ya Korea Kusini kando ya majina yao. Mechi ilichelewa zaidi ya saa nzima.

Jezi na ishara

Jezi za Arsenal zilikuwa za kuazima, na kombaini ya Ujiji haikuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini Visit Rwanda, yaani "Tembelea Rwanda", iliwekwa kwenye mkono wa jezi za Arsenal mwaka 2018, na kwa Mkongo wa mashariki maneno hayo hayasomeki kama tangazo la utalii, maana Kongo inaishutumu Rwanda kwa kuwasaidia waasi upande huo. Machi 2024, klabu ya mpira wa kikapu ya Dynamo ya Burundi ilicheza mechi ya kwanza ya ligi ya Afrika kule Pretoria ikiwa imeyafunika maneno hayohayo kwa utepe, kisha ikakataa kuyavaa, ikapoteza mechi mbili za mezani na kuondolewa. Mwezi uliofuata RS Berkane ya Morocco ilifika Algiers na jezi zenye ramani inayoingiza Sahara Magharibi ndani ya Morocco. Forodha ikazizuia, na nusu fainali ya Kombe la Shirikisho haikuchezwa.

Jezi zikaguliwe kwenye kikao cha timu, siku moja kabla, zikiwa zimetandazwa mezani, seti ya nyumbani na ya ugenini. Mnapokagua, mjue Sheria ya 4 inavyotafsiriwa: kauli au picha inayomhusu mtu yeyote, hai au marehemu, haitakiwi kwenye jezi isipokuwa jina lake likiwa sehemu ya jina rasmi la mashindano; chama cha siasa hakitakiwi; serikali na idara zake hazitakiwi. Hapo ndipo jezi nyingi za mabonanza yetu zinapokwama, maana zinatolewa na mwanasiasa na zina picha yake kifuani. Kamati iweke akiba ya vizibao 16 vya rangi moja. Vingeokoa zile dakika 25.

Mgeni rasmi naye aombwe, kwa barua na kwa adabu, aje bila kofia wala skafu ya chama.

Ishara ya Wakalemie haikuwa mpya. Februari 7, 2024, kabla ya nusu fainali ya AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, dhidi ya Ivory Coast mjini Abidjan, kikosi kizima cha Kongo kilifanya ishara ileile wakati wimbo wao ukipigwa, kusema kwamba watu wanauawa mashariki na dunia imefunga mdomo. Refa wa Kigoma afanye nini? Asitoe kadi. Sheria ya 4 inahusu vifaa, na hakuna kifaa kilichoandikwa kitu. Aandike alichokiona kwenye ripoti, bila kivumishi: dakika, idadi ya wachezaji, ishara ilivyokuwa. Kamati nayo ikumbuke kwamba ishara ilipata nafasi kwa sababu wimbo ulipigwa. Ukiwapa watu sekunde 90 za kusimama kwa niaba ya nchi yao, watakuambia habari za nchi yao. Mimi na wewe hatuna haki ya kuwashangaa wenye msiba kwa kulia msibani.

Jumapili

Karatasi pia zilikuwa na pengo. Klabu ya nje ikija kucheza huhitaji idhini ya shirikisho lake na ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ombi likipitia chama cha soka cha mkoa; afisa michezo wa halmashauri na polisi wapewe nakala zenye ratiba. Matumizi ya bendera za nchi nyingine na wimbo wa taifa yatajwe waziwazi kwenye barua ya ofisi ya mkuu wa mkoa.

Kwa siku ya pili, ratiba ambayo ingefaa ni hii. Saa nne asubuhi, mwenyekiti wa kamati anakwenda walikolala vijana wa Nyarugusu na kuwaomba radhi, bila emsii wala kamera, na ule mstari wa "utovu wa nidhamu" unafutwa kwenye kumbukumbu za kikao. Saa sita fundi amekwishamaliza bendera mpya ya Kongo. Saa nane kasoro robo ukaguzi wa milingoti, mkaguzi akiwa pamoja na nahodha wa kila timu. Saa nane na nusu timu zinaingia kwa mstari mmoja, wachezaji wakiwa wamechanganyika, kila mmoja na jezi yake. Emsii anasoma karatasi aliyoandikiwa, haongezi. Wimbo wa Tanzania, beti mbili, basi. Mikono. Filimbi.

Ile bendera ya zamani ya Kongo isitupwe jalalani wala kufanywa tambara la kufutia viatu. Ikunjwe, iwekwe kwenye bahasha, ipelekwe ubalozi mdogo Jumatatu asubuhi pamoja na barua fupi ya kueleza ilivyotokea.